Walioambukizwa 900 jana, 300 leo: je, ugonjwa umepungua?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii huku Kwale, na matangazo yetu husikika mpaka upande wa Tanga. Wakati wa korona nilikuwa nikisoma namba za Wizara ya Afya kila jioni: sampuli zilizopimwa, walioambukizwa, waliopona, waliofariki. Leo 900, kesho 300, kesho kutwa 700. Wasikilizaji wakinipigia simu, huyu anasema ugonjwa umeisha, yule anasema namba zinapikwa. Wa upande wa Tanga waliniuliza mbona kwao hakutangazwi kitu, je, maana yake hakuna ugonjwa? Na mpaka leo kuna mzee hunishikilia kwamba hospitalini walijaa waliochanjwa. Sikuwa na jibu. Sasa kila tukisikia Mpox, Marburg au kipindupindu, narudi palepale. Namba hizi huhesabiwaje, nizisomeje hewani bila kuwatisha watu wala kuwapotosha, na nitajuaje kama hapa kwetu kuna jambo?"

Marahaba, ndugu yangu. Nashukuru umeuliza, maana waziri akishamaliza kuzungumza na wanahabari, wewe ndiye unayebaki kupokea simu za watu. Ulikabidhiwa namba, hukukabidhiwa namna ya kuzisoma. Nikikuelewa vizuri, yanakusumbua mambo mawili: kwamba huenda ulisaidia kueneza uongo bila kujua, na kwamba ukizuka mlipuko mwingine utarudia yaleyale. Kwa la kwanza tulia, hukusema uongo. La pili ndilo nitakaa nalo kwa kirefu.

Tuanze na kosa ambalo karibu kila msikilizaji hulifanya. Wizara ikisema "leo tuna maambukizi mapya 900", haimaanishi kwamba watu 900 wameambukizwa leo. Inamaanisha kwamba majibu 900 yaliyotoka maabara tangu jana yameonyesha virusi. Tofauti ya hizo kauli mbili ni kubwa. Chukua fundi mmoja wa Msambweni aliyeambukizwa harusini Jumamosi. Virusi vya korona vya mwanzo vilichukua kama siku 5 kabla ya dalili kujitokeza, basi homa inamshika Alhamisi. Ananunua dawa ya maumivu dukani, anakunywa chai ya tangawizi, anangoja. Jumatatu kifua kinabana, anapelekwa hospitali. Anachukuliwa sampuli puani, inafungwa kwenye kisanduku chenye barafu na kusafirishwa. Mwaka 2020 maabara ya KEMRI, taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa tiba, kule Kilifi ndiyo iliyokuwa ikipima sampuli za kaunti za Pwani. Foleni ya maabara inaweza kula siku moja, inaweza kula siku nne. Jibu linarudi kaunti, linakwenda Nairobi, linaingizwa kwenye hesabu, linatangazwa, nawe unalisoma saa moja jioni. Kufikia hapo harusi ina karibu wiki mbili. Unachosoma ni habari ya zamani, na walioambukizwa kweli siku hiyo utawasoma baadaye sana.

Fundi huyo angalau amehesabiwa. Shemeji yake, aliyeambukizwa harusi ileile akapata mafua ya siku mbili, hakwenda popote. Mama yake alikuwa na virusi bila dalili yoyote. Hao hawamo kwenye 900 ile, wala kwenye namba ya siku nyingine yoyote. Ili mtu aingie kwenye hesabu, sharti augue kiasi cha kwenda hospitali, akute vipimo vipo, sampuli yake isiharibike njiani na jibu lake liandikwe.

Ni wangapi hubaki nje? Kwa hilo tuna kipimo cha hapahapa nyumbani. Kati ya Aprili na Juni 2020, watafiti wa Kilifi walipima damu ya wachangiaji 3,098 waliotoka sehemu mbalimbali za Kenya, wakitafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili hubaki nazo baada ya kupambana na virusi. Wachangiaji 174 walikuwa nazo. Hesabu iliporekebishwa kwa umri, maeneo na makosa ya kipimo chenyewe, ikawa asilimia 4.3 kwa nchi nzima, Mombasa 8.0, Nairobi 7.3, Kisumu 5.5. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 47, kwa hiyo asilimia 4.3 ni kama watu milioni 2. Punguza hata nusu nzima, kwa kuwa watoto na wazee hawachangii damu na huenda wao wana hali tofauti: bado unabaki na watu milioni 1. Sasa linganisha na hesabu rasmi. Kufikia tarehe 31 Julai 2020, Kenya ilikuwa imethibitisha wagonjwa 20,636 na vifo 341.

Wasikilizaji wako waliosema namba zinapikwa walikuwa wamehisi jambo la kweli, ila walikosea chanzo chake. Walioziandaa namba zile waliwahesabu kwa uaminifu wale waliowaona. Wasioonekana walikuwa wengi mara makumi, na hakuna aliyewaficha.

Ukishalielewa hilo, swali lako la 900 na 300 linajibika. Wewe ni mtu wa Pwani: mvuvi akirudi na samaki wachache kuliko jana, humwambii bahari imekauka, unamuuliza kwanza alitega nyavu ngapi. Nyavu hapa ni sampuli. Tuseme Ijumaa zimepimwa sampuli 8,000 na 400 zikaonyesha virusi. Jumapili maabara zina watu wachache, zimepimwa 2,000, na 200 zikaonyesha virusi. Kichwa cha habari kitasema maambukizi yamepungua kwa nusu. Lakini Ijumaa walikutwa 5 katika kila 100, Jumapili 10 katika kila 100. Dalili zinaelekea upande wa pili kabisa. Ndiyo maana Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zisilegeze masharti mpaka waliokutwa na virusi wawe chini ya 5 kati ya kila 100 waliopimwa, kwa angalau wiki mbili mfululizo, na upimaji uwe wa kutosha. Wizara yako ilikuwa ikitaja sampuli kila siku, na ulikuwa ukizisoma. Ni kwamba hakuna aliyekwambia kuwa hiyo ndiyo namba ya kugawia.

Hata hivyo usiifanye asilimia hiyo kuwa msahafu. Inategemea nani anapimwa. Msafiri anayetaka cheti cha kupandia ndege ni mzima wa afya, na dereva wa lori hupimwa kila anapofika mpakani. Ukiwachanganya wasafiri wengi na wagonjwa waliolazwa, asilimia hushuka bila ugonjwa kushuka. Vipimo vikiwa haba wakapimwa mahututi peke yao, hupanda. Ukibahatika kumpata afisa wa afya hewani, muulize hilo kwanza: wiki hii mmewapima akina nani?

Mwaka 2024 tuliliona jambo hilohilo kwa Mpox. Mgonjwa wa kwanza kutangazwa Kenya, tarehe 31 Julai, aligunduliwa katika kituo cha mpakani Taveta, jirani zenu, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda. Wengi walidhani ugonjwa umeingilia Taveta. Taveta palikuwa na watu waliokuwa wakitazama, na anayetazama ndiye anayeona. Kule mashariki mwa Kongo, kwenye machimbo ya dhahabu ya Kamituga ambako aina mpya ya virusi hivyo ilitambuliwa, shida ilikuwa kinyume chake: wagonjwa wengi walibaki wakiitwa washukiwa kwa sababu maabara iko mbali na barabara ni mbaya. Kwa hiyo taarifa ikija na "washukiwa" na "waliothibitishwa", zisome zote mbili, kila moja kwa jina lake. Usizijumlishe, na usiwatupe washukiwa kana kwamba wamekutwa wazima.

Kupanda na kushuka kwa namba kuna sababu nyingine zisizo za ugonjwa. Wikiendi ni mojawapo. Nyingine ni karatasi na kompyuta. Uingereza, nchi yenye maabara na fedha, mwishoni mwa Septemba 2020 iliwaacha nje ya hesabu wagonjwa 15,841 kwa sababu faili la kompyuta lilijaa na mistari iliyozidi ikapotea. Walipogundua na kuwaongeza, ilionekana kana kwamba ugonjwa umelipuka kwa siku moja. Sababu nyingine ni kubadilishwa kwa maana ya mgonjwa. Februari 2020 mkoa wa Hubei nchini China ulianza kuhesabu waliotambuliwa na daktari kwa dalili na picha ya mapafu bila kungoja maabara, na siku moja ikaongezeka namba ya wagonjwa 14,840. Jirani zetu Uganda, Mei 2020, waliwaondoa madereva wa malori wa kigeni kwenye hesabu ya taifa, na jumla ikashuka usiku mmoja ilhali hakuna aliyepona zaidi ya jana. Ukiona namba imeruka au imeporomoka kwa siku moja, shuku kwanza hesabu, kisha ugonjwa. Virusi havibadiliki kwa ghafla namna hiyo, makaratasi ndiyo hubadilika hivyo.

Dawa ya hayo ni nyepesi na unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu: jumlisha siku 7 za mwisho, gawanya kwa 7, linganisha na wiki iliyotangulia. Jumapili moja itakuwemo kila upande, na kelele nyingi zitatulia. Jumla ya "tangu ugonjwa uingie nchini" haifai kitu hewani, kwa kuwa haiwezi kushuka hata ugonjwa ukiisha. Na "waliopona" huongezeka kwa mkupuo mafaili ya waliokuwa wakiuguzwa nyumbani yanapofungwa ofisini. Usijenge hoja juu yake.

Sasa swali la watu wa Tanga, ambalo naliona zito kuliko yote uliyouliza. Mapema Mei 2020 hesabu ya Tanzania ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Namba hiyo ikabaki vilevile kwenye ramani za dunia kwa zaidi ya mwaka, mpaka utoaji wa taarifa uliporejea katikati ya 2021 chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Mtu aliyefungua ramani Desemba 2020 aliona Kenya imekolea rangi na Tanzania imepauka, akahitimisha kwamba Horohoro, upande wa Tanzania, ni salama na Lunga Lunga, upande wa Kenya, ni hatari. Mpaka ule una watu wanaooana, wanaouziana nazi na mahindi, wanaozikana. Virusi havikuwa na habari za upande gani unatoa taarifa. Kilichokuwa tofauti ni kwamba upande mmoja uliandika na mwingine haukuandika, na rangi ya ramani ilionyesha hilo tu.

Katika kazi yetu tuna kanuni ndogo inayohusu jambo hili, na natamani kila mtangazaji aijue. Kila kituo cha afya nchini Kenya hutakiwa kujaza fomu ya kila wiki iitwayo MOH 505, yenye orodha ya magonjwa yanayofuatiliwa: kipindupindu, surua, homa ya manjano na mengineyo. Wiki yake huanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Kama hakumjia mgonjwa hata mmoja wa kipindupindu, muuguzi hatakiwi kuacha kisanduku kitupu. Anatakiwa aandike 0. Tanzania nayo ina utaratibu wa namna hiyohiyo, siku hizi kwa simu. Ile 0 ni ushahidi. Inasema kuna mtu alikuwepo, alifungua rejista, alitafuta, hakukuta. Kisanduku kitupu hakisemi chochote: pengine hapakuwa na mgonjwa, pengine muuguzi alikuwa peke yake na wajawazito watatu wakijifungua usiku huo, pengine fomu zilikwisha. Afisa mzuri wa ufuatiliaji hutumia Jumatatu yake nzima kuwapigia simu wenye visanduku vitupu. Lakini namba zikishapanda hadi taifa na kutangazwa, 0 na tupu huonekana sawa, na hapo ndipo watu hupotoka. Jibu lako kwa watu wa Tanga lingekuwa: kutotangazwa kwa namba hakutuambii kama ugonjwa upo au haupo, kunatuambia tu kwamba hatuna habari, basi tujikinge kama walio jirani nao.

Tuje kwenye vifo, maana hapo ndipo watu huogopa na ndipo hesabu hupotosha zaidi. Utasikia "ugonjwa huu unaua watu 9 kati ya 10". Muulize msemaji: kumi wepi? Tazama Marburg, homa kali inayoweza kumtoa mgonjwa damu, iletwayo na virusi vilevile, katika milipuko mitatu ya miaka ya karibuni. Bukoba, Tanzania, mwaka 2023: wagonjwa 9, vifo 6. Rwanda mwishoni mwa 2024: wagonjwa 66, vifo 15. Biharamulo, Tanzania pia, mapema 2025: wagonjwa 10, na wote 10 walifariki. Ukisoma harakaharaka utadhani ni magonjwa matatu. Kule Biharamulo waliothibitishwa maabara walikuwa 2. Wale 8 walihesabiwa kwa kufuatilia nyuma, wakati walikwishafariki. Mgonjwa aliyeugua akapona nyumbani bila kupimwa, kama alikuwepo, hakuwa na namna ya kuingia kwenye ile 10. Rwanda wengi wa wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya, waliotambuliwa mapema, wakalazwa penye mashine za kupumulia na dawa za majaribio. Kwa hiyo asilimia ya vifo inabeba mambo matatu kwa pamoja: ukali wa virusi, ubora wa tiba, na ni wagonjwa gani walioonekana. Usiitamke peke yake hewani.

Na upande wa pili, vifo navyo hupungukiwa hesabu. Huko Lusaka, Zambia, kati ya Juni na Septemba 2020 watafiti walipima maiti 364 katika chumba cha maiti cha hospitali kuu. Walikuta virusi vya korona kwa 70. Kati ya hao 70, 51 walifia majumbani na hata mmoja hakuwa amepimwa alipokuwa hai. Wa hospitalini walikuwa 19, na waliopimwa kabla ya kufa ni 6 tu. Nchi ilikuwa ikiambiwa vifo vya korona ni vichache. Fikiria sasa Pwani yetu, ambako Muislamu akifa asubuhi huzikwa alasiri, na wengi hufia nyumbani. Maabara ingewahi wapi?

Njia inayozunguka tatizo hilo ni kuacha kuuliza amekufa kwa nini, ukauliza wamekufa wangapi kwa jumla, kuliko kawaida ya miezi hiyo. Shirika la Afya Duniani lilipofanya hivyo kwa 2020 na 2021, lilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 duniani, ambapo vilivyoripotiwa rasmi kuwa vya korona vilikuwa kama milioni 5.4. Ndani ya vile vya ziada wamo wa korona wasiopimwa, na wamo pia wajawazito na wagonjwa wa kisukari waliokosa huduma kwa sababu hospitali zilielemewa. Kwa nchi nyingi za Afrika makadirio hayo yamesimama juu ya data chache, kwa kuwa vifo vingi haviandikishwi popote. Ndiyo maana ni muhimu maeneo machache kama Kilifi kwa Kenya na Ifakara kwa Tanzania, ambako wadodosi hupita nyumba hadi nyumba mwaka baada ya mwaka wakiandika nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki.

Kuhusu yule mzee wa chanjo: usibishane naye, mpe mfano. Mji una wazee 1,000. 900 wamechanjwa, 100 hawakuchanjwa. Waliochanjwa wanalazwa 9, wasiochanjwa wanalazwa 6. Ukiingia wodini utahesabu vitanda 15, na 9 kati yake ni vya waliochanjwa. Mzee hajadanganya, ameona kwa macho yake. Lakini aliyechanjwa alikuwa na hatari ya 1 katika 100, na asiyechanjwa 6 katika 100. Waliochanjwa wamekuwa wengi wodini kwa sababu ni wengi zaidi mtaani. Hali ya namna hii ilionekana Israel Agosti 2021, wazee karibu wote wakiwa wamechanjwa, na picha za wodi zikaenea dunia nzima bila ile namba ya mtaani. Kila unapoletewa idadi ya waliougua, tafuta idadi ya waliokuwepo.

Sasa nizisome vipi hewani, umeuliza. Badala ya "watu 300 wameambukizwa leo, wakipungua kutoka 900 jana", sema kwa mfano: "Katika siku 7 zilizopita, kwa wastani watu 620 kwa siku wamekutwa na virusi, wiki iliyotangulia walikuwa 540. Kati ya kila watu 100 waliopimwa, 11 walikuwa navyo. Wiki iliyotangulia walikuwa 9. Majibu haya yanahusu watu walioambukizwa wiki moja au mbili zilizopita, na wapo wengine ambao hawajapimwa." Ni sekunde 20. Kisha taja waliolazwa. Namba hiyo haiyumbi sana kwa kukosekana vipimo, kwa kuwa mtu aliyeishiwa pumzi hutafuta hospitali hata kama hakuna anayempima, na vitanda vikianza kujaa hakuna taarifa inayoweza kuvificha. Ila inachelewa wiki moja au zaidi nyuma ya maambukizi, na vifo huchelewa zaidi, kwa hiyo usitangaze nafuu kwa sababu vifo bado ni vichache wakati waliolazwa wanaongezeka.

Hofu mara nyingi huletwa na asilimia zisizo na msingi. "Wagonjwa wameongezeka kwa asilimia 100" ni kweli wakitoka 1 hadi 2, na ni kweli wakitoka 5,000 hadi 10,000. Sema namba zenyewe. Na usimalize taarifa bila kumwambia msikilizaji la kufanya jioni hiyohiyo: kama ni kipindupindu, maji ya kuchemsha na chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, kama ni wa kifua, madirisha wazi na barakoa kwa anayeuguza. Namba isiyo na jambo la kufanya humwachia mtu woga peke yake.

Nimeacha mwisho swali la "hapa kwetu", kwa sababu hapo una kitu ambacho sisi ofisini hatuna. Redio ya jamii husoma matangazo ya vifo. Kila wiki watu hukuletea tanzia mlangoni, nyingine za watu waliofia nyumbani ambao hospitali haikuwaona kamwe. Chukua daftari. Kila Jumapili andika wiki hiyo zilikuja tanzia ngapi, za vijiji gani, na umri kama umetajwa. Usiandike majina, usiandike sababu ya kifo, usikisie. Baada ya miezi kadhaa utaijua kawaida ya eneo lako, pamoja na misimu yake, maana masika na malaria huongeza vifo bila mlipuko wowote mpya. Wiki mbili au tatu mfululizo zikizidi kawaida waziwazi, una la kumwonyesha afisa. Lakini usilisome hewani kama takwimu. Daftari lako linaathirika na mengi: ada ya tangazo ikipanda tanzia zitapungua, redio jirani ikifungwa zitaongezeka. Kazi yake ni kumfanya mwenye vipimo aje kutazama.

Yapo mambo ya kutongojea daftari. Wakiugua au kufa watu wawili au zaidi wa nyumba moja au mtaa mmoja ndani ya siku chache, kwa homa kali, kutokwa damu, kuhara maji au kushindwa kupumua, toa taarifa saa hiyohiyo. Mlipuko wa Bukoba ulijulikana hivyo, watu kadhaa, baadhi yao wa familia moja, wakiugua ugonjwa ambao hakuna aliyeutambua. Kwa Kenya anza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo, au piga 719. Kwa wasikilizaji wako wa Tanzania ni mganga mfawidhi wa kituo kilicho karibu, ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, au 199. Maiti wa namna hiyo asioshwe wala kuguswa kabla ya ushauri wao. Najua ni maneno mazito kwa wafiwa, na ndiyo sababu ni vizuri sheikh na mchungaji wa hapo wawe wamezungumza na watu wa afya mapema, kabla ya msiba.

Na mgonjwa mmoja mmoja asiangalie namba kabisa. Anayehema kwa shida, anayetokwa damu isiyoeleweka, anayehara maji mfululizo mpaka macho yanaingia ndani, mtoto anayeshindwa kunyonya: hao ni wa hospitali leo, hata kama taarifa yako ya jioni imesema maambukizi yameshuka.

Wewe mwenyewe mtafute afisa wa ufuatiliaji wa kaunti ndogo wakati huu ambapo hakuna mlipuko, ana nafasi ya kukaa nawe. Muombe akuonyeshe taarifa ya wiki iliyopita inavyofanana. Muulize vituo vingapi vinatakiwa kuleta taarifa, na vingapi vilileta kwa wakati. Akikwambia vilivyoleta ni 40 kati ya 60, basi mlipuko ukija, hiyo ndiyo namba ya kuitaja kwanza hewani, kabla ya wagonjwa na kabla ya vifo.